Jembe Lenye Kutu Bado ni Jembe

Mvua ya masika ikikaribia, kila mtu huingia ghalani au nyuma ya jikoni kutafuta jembe. Hapo ndipo wengi wetu hushika kichwa. Jembe uliloliacha mwezi wa Desemba likiwa na tope, sasa limevaa koti jekundu. Panga halikati, linaparura tu. Fyekeo ukiligusa linakuachia unga wa rangi ya udongo mkononi. Wengine siku hiyo hiyo hukimbilia sokoni kununua vifaa vipya, na vile vya zamani huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Pesa za mbegu zinapungua kabla hata tone la kwanza la mvua halijaanguka.

Mwaka uliopita mama mmoja wa kikundi chetu alibeba jembe na mapanga mawili mpaka kwa fundi wa jua kali, akitaka kuyauza kama vyuma vikuukuu. Fundi alilikwaruza jembe kwa ncha ya tupa, akatazama, akacheka.

"Mama, hii jembe haijakufa. Ni nguo chafu tu imevaa. Nenda uiloweke kwa siki mpaka kesho."

"Fundi, siki ni ya kachumbari. Unanichezea?"

"Jaribu kwanza, mama. Ikikataa nirudishie, mimi nitainunua."

Hakuirudisha. Jembe lile limelima msimu wa masika na wa vuli, na mpaka leo liko kazini. Baada ya kuliona, wanakikundi waliuliza maswali mengi: Je, siki inashinda dawa za dukani? Ndimu nazo? Na ile asidi wanayotumia mafundi? Makala hii inajaribu kuyajibu.

KUTU NI NINI HASA?

Kutu hutokea mambo matatu yanapokutana: chuma, maji na hewa. Ndani ya hewa mna oksijeni, ile tunayovuta tukipumua. Oksijeni na maji vikishirikiana hula chuma na kukigeuza kuwa unga mwekundu. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, hakuna kutu. Ndiyo maana msumari ulio ndani ya mafuta haushiki kutu hata ukikaa miaka.

Chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndugu zetu wa Mombasa, Kilifi na Lamu wanajua vizuri jinsi upepo wa bahari unavyokula madirisha, mageti na baiskeli. Lakini hata bara, jasho la mkono, mbolea ya dukani na samadi vina chumvi za namna yake. Jembe lililotumika kutia mbolea likiachwa bila kuoshwa huharibika upesi kuliko jembe lililolima tu.

Tena kutu ina tabia moja mbaya. Si ngumu kama ngozi inayokinga mwili. Ni kama sponji, hunyonya maji na kuyashikilia karibu na chuma. Kwa hiyo kutu huzaa kutu. Madoa machache leo, ukiyaacha, kesho ni mashimo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa tusichanganye mambo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini haishiki kutu. Weusi unaouona chini ya sufuria ni masizi ya moto. Njia tunazozieleza hapa ni za vifaa vya chuma, si za sufuria hizo.

NJIA ZA NYUMBANI

1. Kusugua. Hii ndiyo njia ya wazee wetu, na kwa kutu nyepesi inatosha kabisa. Tumia mchanga mkavu na kipande cha tofali, brashi ya waya, au msasa. Makumbi ya nazi pamoja na mchanga pia hufanya kazi nzuri. Ukinunua msasa, kumbuka kwamba namba ndogo ndio mkali: anza na namba 80, umalizie na namba 240 iliyo laini. Mafuta ya taa kidogo hulegeza kutu ili isuguliwe kwa urahisi, lakini fanya hivyo mbali na moto. Usitumie petroli hata kidogo.

Uzuri wa kusugua ni kwamba hakuna sumu wala gharama kubwa. Ubaya wake ni kwamba mikono inachoka, na kutu iliyojificha ndani ya vishimo haifikiwi.

2. Siki, ndimu na ukwaju. Vyote hivi vina asidi, ndiyo maana ni vikali mdomoni. Asidi huyeyusha kutu. Siki ya dukani kwa kawaida ina asidi kama asilimia 5, na maji ya ndimu au limau hayako mbali na hapo. Kwa hiyo mahali ambapo ndimu zinaoza chini ya miti, hakuna haja ya kununua siki. Ukwaju uliolowekwa ukawa mzito nao unasaidia. Kwenye maduka mengine utapata pia unga wa asidi ya sitriki, ile asidi ya ndimu iliyokaushwa. Vijiko vitatu au vinne vya meza kwa lita moja ya maji hukupa nguvu karibu sawa na siki.

Fanya hivi:

Kwanza, ondoa mpini, maana asidi na maji huharibu mbao. Osha tope na mafuta yote kwa sabuni. Asidi haipenyi mafuta.

Pili, pangusa kutu iliyolegea kwa brashi. Usipoteze siki kwa kazi ambayo brashi ingeifanya.

Tatu, weka chuma ndani ya karai au ndoo ya plastiki, umimine siki mpaka kifunikwe. Usitumie sufuria ya alumini, asidi itaila. Kama chuma ni kirefu na siki ni kidogo, kizungushie kitambaa kilicholoa siki, halafu ufunike kwa kipande cha nailoni kikuukuu ili kisikauke.

Nne, acha saa 12 hadi 24. Angalia kila baada ya saa chache na usugue kidogo. Kutu ikishatoka, toa chuma mara moja. Ukikisahau humo siku nyingi, asidi itaanza kula chuma chenyewe.

Tano, suuza kwa maji yenye magadi, kama kijiko kimoja cha meza kwa lita moja. Magadi haya tunayopikia maharagwe, yanayotoka Ziwa Magadi, huua nguvu ya asidi. Kisha suuza tena kwa maji safi.

Watu wengine huongeza chumvi kwenye siki. Ni kweli, kazi huenda haraka. Lakini chumvi ikibaki kwenye vishimo vya chuma, itaita kutu tena. Ukitumia chumvi, suuza mara mbili tatu.

3. Soda na chai. Wasomaji wengine wamesikia kwamba Coca-Cola hutoa kutu. Ni kweli, kwa sababu ina kiasi kidogo cha asidi ya fosfori, jamaa ya ile iliyomo kwenye dawa za dukani. Lakini ni dhaifu, inachukua muda mrefu, na sukari yake hunata. Heri kuinywa.

Chai ya rangi iliyokolea sana nayo hufanya jambo la ajabu. Haiondoi kutu, bali huigeuza kuwa nyeusi. Hii ni kazi ya tanini, kitu kile kile kinachopatikana kwenye magome ya miwati yanayotumika kutengeneza ngozi. Chuma kidogo kilichopakwa tanini hukaa vizuri zaidi, ingawa bado kinahitaji mafuta au rangi juu yake.

4. Umeme wa betri. Njia hii iko katikati ya nyumba na karakana. Kuna mafundi wanaoijua, na ni afadhali uwaachie wao. Chombo chenye kutu huwekwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia. Kisha hufungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na kipande cha chuma kikuukuu hufungwa kwenye waya chanya. Viwili hivyo visigusane. Baada ya usiku mmoja kutu huwa imelegea yote, na chuma kizuri hakikuliwa hata kidogo.

Lakini kuna masharti. Ifanyiwe nje, kwa sababu hutoka gesi inayoweza kulipuka ikikutana na moto. Isitumike chumvi badala ya magadi, kwani hutoa gesi yenye sumu. Na kwenye waya chanya kisifungwe chuma kisichoshika kutu, kama kile cha vijiko, maana maji yatabaki na sumu mbaya.

DAWA ZA DUKANI

Ukienda duka la hadiwea utaonyeshwa chupa nyingi zenye bei tofauti. Tuzigawe katika mafungu manne.

Dawa za kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosfori, nyingine zina tanini. Unapangusa kutu iliyolegea, unapaka dawa kwa brashi, na kutu iliyobaki inageuka kuwa tabaka jeusi linaloshika rangi vizuri. Hizi ndizo zenye maana kubwa kwa vitu visivyoingia ndani ya ndoo: geti, dirisha, mkokoteni, nguzo za kibanda. Kwa jembe hazifai sana, maana udongo utalikwangua tabaka hilo wiki ya kwanza.

Asidi kali. Hii ndiyo ile asidi ya haidrokloriki inayotumiwa na baadhi ya mafundi. Huondoa kutu kwa dakika chache tu. Ukiona kazi yake utasema ni miujiza. Lakini inachoma ngozi na macho, moshi wake unaumiza mapafu, na moshi huo huo hushikisha kutu vifaa vingine vilivyo karibu. Tena chuma kilichotoka humo huanza kuwa chekundu tena muda mfupi baadaye kama hakikusuuzwa na kukaushwa vizuri. Si kitu cha kuwekwa nyumbani. Asidi ya betri nayo ni vivyo hivyo.

Mafuta ya kulegeza. Mkebe wa WD-40 unajulikana sana. Ulibuniwa Marekani mwaka 1953, na herufi zake zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji. Hiyo ndiyo kazi yake hasa. Hulegeza nati iliyokwama na kufukuza unyevu, lakini haiyeyushi kutu nene. Ukiinunua ukitegemea itasafisha panga, utasikitika.

Dawa zisizo na asidi kali. Siku hizi zipo dawa ambazo hushika kutu na kuacha chuma. Ni salama kwa mikono na kwa chuma, lakini bei yake ni ya juu. Zinafaa kitu cha thamani, kwa mfano sehemu ndogo za cherehani.

Kuna pia mashine: grainda yenye brashi ya waya, au kupuliza mchanga kwa nguvu ya hewa. Ni za haraka, lakini waya hukatika na kuruka kama risasi. Usikubali fundi afanye kazi hiyo bila miwani ya kukinga macho, na watoto wasisimame kutazama.

VITU AMBAVYO HAVITIWI ASIDI

Mabati. Mabati ni chuma kilichofunikwa kwa zinki, na zinki ndiyo inayokikinga. Siki na ndimu huila zinki kabla hata ya kugusa kutu. Ukilisafisha bati kwa siki leo litang'aa, halafu baadaye litaoza kuliko mwanzo. Kwa mabati, pangusa kwa brashi, osha kwa sabuni, acha yakauke kabisa, kisha paka rangi ya kukinga kutu na juu yake rangi ya paa. Ndoo na matangi ya bati vilevile havitiwi asidi. Na usitie dawa ya dukani ndani ya tangi la maji ya kunywa.

Mnyororo wa baiskeli na springi. Chuma hiki ni kigumu sana, na asidi inaweza kukifanya kiwe chepesi kukatika. Mnyororo usafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, halafu utiwe oili. Ukikatika ukiwa umebeba abiria au gunia la viazi kwenye mteremko, hasara yake si ya pesa tu.

Rimu na usukani unaong'aa. Kunja karatasi ya foili, iloweshe maji, usugue polepole. Foili ni laini, haitakwaruza.

Vitu vyenye rangi ya zamani. Rangi za miaka ya nyuma huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowe kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali.

TAHADHARI

Jirani yetu mmoja alipewa asidi kidogo na fundi, akaibeba nyumbani katika chupa ya soda. Aliiweka juu ya meza akaenda kuchota maji. Aliporudi alimkuta mtoto wake wa miaka minne anahangaika na kifuniko. Kifuniko kilikuwa kimebana, na hiyo ndiyo salama yake. Ndugu msomaji, asidi haiwekwi kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika moja.

Kumbuka pia:

Usichanganye siki, ndimu wala asidi yoyote na dawa ya madoa kama Jik. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo inaweza kuua mtu chumbani.

Ukilazimika kupunguza nguvu ya asidi, mimina asidi kwenye maji. Usimimine maji kwenye asidi, itakurukia usoni.

Asidi ikikuingia machoni au kwenye ngozi, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, si chini ya dakika 20, kisha nenda hospitali. Mtoto akimeza, mpanguse na kumsuuza mdomo, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Na ile imani kwamba kutu ndiyo huleta pepopunda? Si kutu yenyewe. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Msumari safi uliolala boma la ng'ombe ni hatari sawa na ule wenye kutu. Ukichomwa, osha kidonda kwa maji na sabuni, uende zahanati uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

NUSU SAA YA MWISHO

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Watu wengi husema, "Nilijaribu siki, kutu ikarudi kesho yake." Kosa halikuwa la siki. Chuma kilichotoka kuoshwa kiko uchi. Hakina kutu, lakini pia hakina kinga, na bado kina maji. Ukikiacha kwenye nyasi ukaenda kupika, utakikuta kimeanza kuwa chekundu. Hata ile dawa ghali kuliko zote haikuokoi hapo.

Kwa hiyo ndani ya nusu saa fanya mambo matatu. Kikaushe kwa kitambaa. Kiweke juani au karibu na moto mpaka kipate joto kidogo, ili unyevu wa ndani ya vishimo utoke. Kisha kipake mafuta kingali na joto.

Mafuta gani? Kwa jembe na panga la shamba, grisi au oili safi, tabaka jembamba tu. Oili chafu iliyomwagwa garini hutumiwa na wengi kwa sababu ni ya bure. Lakini ina vitu vinavyoweza kuleta saratani kwa mtu anayeishika mara kwa mara, na inaharibu udongo. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa ni kinga nzuri kwa wale wenye mizinga. Kwa kisu cha jikoni au kikaango cha chapati, tumia mafuta ya kupikia peke yake. Kikaango kipake mafuta kidogo sana, kisha kipashe moto mpaka kifuke moshi. Ukirudia mara tatu kitapata ngozi nyeusi isiyoshika kutu wala chapati.

Baada ya hapo ni desturi tu. Kila jioni futa tope, kausha, paka mafuta, tundika ukutani. Jembe lisilale chini. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

KWA UFUPI

Kutu nyepesi: mchanga, msasa au brashi.
Kutu nene kwenye jembe, panga au shoka: siki au ndimu, usiku mmoja.
Geti, dirisha, mkokoteni: dawa ya kugeuza kutu, kisha rangi.
Nati iliyokwama: mafuta ya kulegeza.
Mabati: brashi, sabuni na rangi. Asidi hapana.
Mnyororo wa baiskeli: mafuta ya taa, kisha oili. Asidi hapana.
Vyote: kausha na ukinge mara moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja ahesabu: mwaka uliopita alinunua majembe na mapanga mangapi? Mangapi kati ya yale ya zamani yangeweza kuokolewa?
2. Chupa mbili za siki na mkebe mdogo wa grisi ni bei gani katika soko letu? Jembe jipya je?
3. Je, kikundi kinaweza kununua pamoja brashi ya waya, msasa na chupa moja ya dawa ya kugeuza kutu, ili wanachama waazimane?
4. Nyumbani kwetu, sumu na asidi zinawekwa wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?

Kama kikundi chenu kina njia nyingine mliyoijaribu ikafaulu, au ikashindwa, tuandikieni. Hata njia iliyoshindwa ni somo kwa mwenzako.